Simu inarekodi mvua kuliko kinanda, nifanyeje wakuu?

KinandaUyole

Wakuu habari za jioni. Nipo Mbeya, Uyole, napiga kinanda kwaya ya mtaa wetu huu mwaka wa sita, sio fundi wa kompyuta na sio prodyuza, kwa hiyo mkinijibu mnijibu kama mnamuelekeza mtoto wa darasa la nne, sitakasirika.

Iko hivi. Kwaya imetawanyika. Alto wawili wameolewa, mmoja yuko Tunduma mwingine Makambako, teno mmoja yuko Chunya machimboni, besi wangu wawili ni madereva wa malori yaani wao ukiwauliza uko wapi jibu ni "njiani". Pasaka wote wanarudi na tuna nyimbo 5 mpya. Mwenyekiti akasema basi wewe mpiga kinanda warekodie, watumie kwenye grupu, kila mtu afanye mazoezi huko aliko. Nikakubali haraka haraka maana nilijua ni kazi ya nusu saa. Hii ni wiki ya tatu.

Kinanda ni Yamaha PSR-E373, changu mwenyewe, nilikinunua mtumba kwa kijana mmoja alikuwa anahama. Naweka simu kwenye kile kibao cha kuwekea nota, nafungua ile apu ya kurekodi sauti iliyokuja na simu, napiga. Nikisikiliza napata: mvua kwenye bati, vidole vyangu vinagonga funguo taka taka taka kama mtu anachapa barua, jogoo wa jirani, na muziki kwa mbali. Besi ya mkono wa kushoto haipo kabisa. Halafu kuna kitu sikielewi, nikianza taratibu sauti iko juu, nikikandamiza kwenye kiitikio sauti ndio inashuka, kinyume kabisa na nilivyopiga.

Nikajiongeza. Nikaenda Mwanjelwa kwa jamaa anauza vitu vya simu akanipa waya, upande mmoja pini nene inaingia kwenye tundu la hedifoni la kinanda, upande wa pili pini nyembamba ya simu. Simu haikujua kama kuna kitu kimechomekwa. Nikarudi, akanipa na kiadapta, elfu 8 nyingine. Sasa simu inasikia ila sauti imepasuka kama redio iliyoishiwa betri na inatoka sikio moja.

Kinachoniuma zaidi ni hiki: kinanda chenyewe kina kitufe cha REC. Nikibonyeza kinarekodi safi kabisa, nikikiambia kicheze kinacheza kama mimi ninavyopiga, makosa yote yapo humo. Lakini inabaki humo humo, kama hela iliyo kwenye laini uliyosahau namba ya siri. Naitoaje? Nina laptopu ya zamani, Windows 10, inawaka ukiwa na subira. Studio moja mjini walinitajia bei nikawaambia nitarudi, nao walijua sirudi.

---

Saundi_Kihesa

Kamwene mkuu, nipo Iringa huku Kihesa, nafunga saundi kwenye makanisa na harusi. Pole kwa elfu 8, ila usimlaumu sana jamaa, aliuza alichokuwa nacho.

Nianze na hiyo ya simu maana wengi wanaangukia hapo. Tundu la hedifoni la simu lina njia nne, sikio la kushoto, sikio la kulia, ardhi, na maiki. Unayoweza kuingizia sauti ni hiyo ya maiki tu, ni njia MOJA, kwa hiyo stirio sahau. Na simu ndio inapima yenyewe kama kuna maiki au hakuna, waya wako wa kwanza haukuwa na ukinzani inaoutafuta ndio maana ikakudharau. Wa pili umeingia lakini mkuu, maiki inatoa milivolti chache, halafu wewe unaleta sauti iliyotengenezwa kusukuma hedifoni. Ni sawa na kufungulia maji ya zimamoto kwenye kikombe cha chai. Lazima ipasuke. Na sauti ikishapasuka kwenye rekodi hakuna apu ya kuishona, ukiishusha baadaye unapata sauti ndogo iliyopasuka.

Na hilo la kiitikio kushuka, ni simu inajifanya inakusaidia. Hizo apu zimetengenezwa kwa ajili ya mtu anaongea, ukinong'ona inapandisha, ukipiga kelele inabana. Kwa mkutano wa kijiji ni nzuri. Kwa muziki inakuua.

Sasa habari njema, na hapa nataka ukae chini. Geuza kinanda chako nyuma. Utaona tundu la mraba limeandikwa USB TO HOST. Hilo tundu linaingia waya wa printa. Huo huo wa stationari, upande mmoja mraba upande mwingine USB ya kawaida. E373 ndani yake ina kadi ya sauti tayari, inatuma sauti yenyewe kwenda kompyuta kidijitali, stirio, 44.1 kHz biti 16, ubora wa CD. Hakuna hewa katikati. Mvua inyeshe, jogoo awike, vidole vigonge, havimo. Kitu ulichokuwa unakitafuta wiki tatu umekikalia.

Kwenye Windows inabidi uweke draiva kwanza (programu ndogo ya kuielewesha laptopu hicho kinanda), inaitwa Yamaha Steinberg USB Driver, iko bure kwenye tovuti ya Yamaha. Weka draiva KABLA ya kuchomeka waya, halafu uwashe upya laptopu. Programu tumia Audacity, nayo bure. Ukifungua nenda kwenye sehemu ya kuchagua kifaa cha kurekodia, chagua kile kilichoongezeka baada ya kuchomeka kinanda, weka chaneli 2, 44100, bonyeza kile cha duara jekundu. Hedifoni zako chomeka kwenye kinanda chenyewe sio kwenye laptopu, utajisikia papo hapo bila kuchelewa.

Kabla hujarekodi piga sehemu yenye kelele kuliko zote kwenye wimbo, angalia mita. Vilele vifike kama desibeli -12 mpaka -6, basi. Usiitafute sifuri. Watu wanapenda mita ijae nyekundu wanadhani ndio nguvu, hapana, hiyo nafasi ya juu ni ya siku ukipandwa na mzuka.

---

MlimaRungwe

Subiri kiangazi tu mkuu. Sisi huku Tukuyu kiangazi ni kati ya saa nane na saa tisa mchana, ukichelewa umekikosa 😂

---

BintiNjombe

Shikamooni wakubwa. Naomba niongezee hapo kwa Saundi_Kihesa kabla mtu mwingine hajaenda kununua waya wa printa halafu akaja kulia humu kama nilivyolia mimi.

Sio kila USB ya kinanda inabeba sauti. Mimi nina Casio CT-X700, nayo ina tundu lile lile la mraba. Nikachomeka, laptopu ikakitambua, nikafurahi nikapiga wimbo mzima macho nimefumba. Nilipofumbua kwenye Audacity kuna mstari umenyooka kama barabara ya Makambako kwenda Njombe (najua haijanyooka, mmenielewa). Hakuna hata punje ya sauti.

Kumbe Casio yangu kwenye hiyo USB inatuma MIDI tu. MIDI sio sauti jamani. Ni maelekezo. Inaandika: ametia kidole funguo hii, kwa nguvu 87, ameachia sasa, amekanyaga pedali. Nguvu ya kidole inahesabiwa mpaka 127, chaneli ni 16, na huu utaratibu uko hivyo tangu 1983, ndio maana kinanda cha zamani kabisa na kompyuta ya leo bado vinaelewana. Ukimpa mtu faili la MIDI umempa nota, sio muziki. Akilifungulia kwenye kitu chenye piano mbaya atasikia piano mbaya, na lawama unabeba wewe.

Na hicho kitufe chako cha REC kaka KinandaUyole ni ndugu wa hicho hicho. Kinanda hakijarekodi sauti, kimekumbuka vidole vyako. Ukikiambia kicheze kinapiga upya chenyewe kwa sauti zake. Ndio maana hukioni kama faili la mp3 popote. Kuna vinanda vingine, mfano PSR-E473, unachomeka flashi kabisa kinakuandikia faili la sauti, WAV, ila E373 hakina tundu la flashi, kwa hiyo usilitafute.

Mimi nilimaliza hivi: tundu la hedifoni la kinanda (la Casio yangu ni lile dogo la 3.5), waya unaogawanyika pini mbili nene, kushoto na kulia, zinaingia kwenye kadi ya sauti ya nje yenye matundu MAWILI ya laini. Nasema mawili kwa herufi kubwa kwa sababu zile za bei ya chini kabisa unakuta tundu moja ni la maiki na lingine la gitaa, sio pacha, utahangaika kusawazisha. Naanza na sauti ya kinanda kama robo tatu hivi, geini ya kadi (kile cha kukuza sauti inayoingia) chini, halafu naipandisha taratibu nikiangalia taa.

Halafu ile nguuuu ya chini chini ukitumia waya wa namna yangu, mara nyingi ni chaja ya laptopu. Chomoa chaja, rekodi kwa betri ya laptopu. Mimi nilibadilisha waya mara tatu kabla ya kujua hilo.

---

Saundi_Kihesa

Asante dada, hapo nilipitia haraka. Kabla ya kununua chochote mtu asome ubavuni au kwenye kitabu cha kinanda chake, kama imeandikwa USB MIDI tu basi ni MIDI tu, ikiwa USB AUDIO ndio inabeba sauti. PSR-E273 kwa mfano haina USB yoyote, wenye hiyo wafuate njia ya dada.

Na kwenye pini nene kuna mtego: ikiwa na mkanda mweusi mmoja ni mono, miwili ni stirio. Ukichomeka ya mono kwenye tundu la stirio upande mmoja unagusana na ardhi. KinandaUyole angalia ule waya wako wa Mwanjelwa.

---

KinandaUyole

Nimeangalia. Mkanda mmoja.

---

Mzee_wa_Solfa

Vijana wangu, hamjambo. Mimi nimefundisha kwaya tangu enzi tunaandika solfa ubaoni kwa chaki, sasa nimepumzika niko Mafinga, nafuatilia tu. Mambo ya waya mmeyamaliza vizuri, sina la kuongeza, sikuyajua hata mimi. Ila kuna jambo hamjamuuliza huyu kijana. Hiyo rekodi ni ya nani?

Kama ni ya kusikiliza watu wakafurahi, apige anavyopiga Jumapili. Lakini anasema ni ya mazoezi, wanakwaya wako Tunduma na Chunya peke yao, hakuna wa kuwaongoza mkono. Hiyo ni rekodi ya namna nyingine kabisa. Mpiga kinanda wa Jumapili anaisikiliza kwaya, wakichelewa anawasubiri, wakivuta pumzi naye anavuta. Sasa kijana ukiwa peke yako chumbani na hedifoni hakuna wa kukuzuia, utakimbia. Wote tunakimbia, hasa beti la pili kwa sababu la kwanza umeshaliweza. Washa metronomi. Kinanda chako kinayo.

La pili, toa noti ya kuanzia. Piga do, subiri, piga kodi (noti zake kwa pamoja), halafu hesabu nne zisikike ndipo uanze. Nimewahi kuletewa rekodi ya mazoezi inaanza pwaa moja kwa moja, wanakwaya wote wakaingia na neno la tatu.

La tatu, zima hizo ngoma. Najua mnazipenda. Mtu anayejifunza sauti yake akisikia ngoma na gitaa na tarumbeta za kwenye kinanda, alto anapotea kwanza, siku zote ni alto. Weka piano tupu. Halafu kwa kila wimbo fanya rekodi nne fupi, ya soprano, ya alto, ya teno, ya besi, kila moja ile sauti yake iwe mbele na nyingine kwa mbali. Kisha moja ya wote pamoja. Ndiyo, ni rekodi 25 kwa nyimbo 5. Nusu saa yako hiyo.

La mwisho, ukitumia kile kitufe cha kuhamisha ufunguo, andika kwenye karatasi umehamisha ngapi. Niliwahi kuimbisha kwaya ufunguo wa Fa mwezi mzima, siku ya ibada mpiga kinanda mgeni akatupa Sol. Soprano hawajanisamehe.

---

KinandaUyole

Shikamoo mwalimu. Hapo kwenye 25 nimekaa kimya kidogo.

Wakuu nimerudi na ripoti, ni jana usiku. Waya wa printa nimeukuta stationari ya hapa hapa Uyole, hata yule dada aliniuliza printa yako ni aina gani nikamwambia inapiga muziki. Draiva ilipakuliwa kwa bando la usiku. Laptopu ikawaka, nikachomeka, Audacity, duara jekundu, nikapiga wimbo wa kwanza kwa utulivu, dakika nne, bila kosa, nadhani ni mara ya kwanza kupiga ule wimbo bila kosa toka niujue.

Nikasikiliza. Kimya. Nikaongeza sauti. Kuna kitu kinagonga kwa mbali tok tok tok, ni vidole vyangu, hakuna muziki. Nikaongeza tena mpaka mwisho. Mlango ukafunguliwa kwenye rekodi, nikamsikia mke wangu anasema "wewe, ugali unapoa", kimya, halafu akasema taratibu zaidi, "hasikii huyu."

Audacity ilikuwa inarekodi maiki ya laptopu. Kile kifaa sikukichagua. Saundi_Kihesa uliniambia na nilisoma, sijui nilikuwa naangalia nini.

Basi nikachagua, nikarudia, makosa mawili safari hii, lakini wakuu... sauti. Nilikaa nikaisikiliza mara tatu. Na mvua ilikuwa inamwagika hiyo saa hata mimi mwenyewe ndani ya hedifoni nilikuwa naisikia. Kwenye rekodi hakuna hata tone. Tatizo jipya ni kwamba sasa nasikia kila kitu, kumbe mkono wangu wa kushoto unaachia noti mapema mno, miaka sita ilikuwa inafichwa na spika za kanisa.

Maswali mawili. Faili la dakika nne limekuwa MB 42, nani atapakua hiyo kule Chunya? Na umeme ulikatika katikati ya wimbo wa pili, laptopu ina betri iliendelea lakini kinanda kilizima. Hiyo mnafanyaje?

---

BintiNjombe

😂😂 "hasikii huyu." Kaka usiifute hiyo rekodi.

MB 42 ni WAV, hesabu yake ni kama MB 10 na nusu kwa kila dakika, ni kawaida. WAV weka kwenye laptopu kama mama, wanakwaya wapelekee mp3. Ukitoa kwa 128 kbps inakuwa kama MB 1 kwa dakika, yaani wimbo wako MB 4 hivi, kwa piano ya mazoezi inatosha. Kwenye WhatsApp itume kama hati, ifike kama ulivyoitoa.

Na usirekodi moja kwa moja kutoka kwenye mp3 kwenda mp3 nyingine, kila ukirudia inachakaa. Ukitaka kukata au kuongeza sauti rudi kwa mama.

---

Saundi_Kihesa

Kuhusu umeme, E373 inakula betri 6 ndogo za AA. Nunua nzima, sio zile za saa zinazotoka mafuta, ziweke ndani na adapta iwe imechomekwa vile vile. Kabla hujaziamini chomoa adapta mwenyewe kinanda kikiwa kimya, uone kama kinabaki hai. Usijifunze hilo katikati ya wimbo.

Ila nina njia naipenda zaidi kwa hali yako, na hapa ndio kile kitufe chako cha REC kinarudi. Usirekodi Audacity wakati unapiga. Piga kwanza kwenye REC ya kinanda, usiku, bila laptopu kuwaka, bila presha. Ukikosea futa rudia, hata mara kumi, hakuna faili wala nini. Ukipata ile unayoitaka ndio unawasha laptopu, unabonyeza Audacity irekodi, halafu unakiambia kinanda kicheze wewe umekunja mikono. Sauti inaenda kwa waya kama kawaida. Kupiga ni kazi moja, kukamata ni kazi nyingine, ukizifanya zote kwa wakati mmoja kichwa kinagawanyika, jicho kwenye mita mkono kwenye kodi, hapo ndio makosa yanazaliwa. Chunga tu usizime kinanda wakati REC inafanya kazi, hiyo unaipoteza.

Na kitu kingine ambacho hakuna aliyekisema, hao watu watasikiliza kwa nini? Spika ya simu. Mpiga besi wako kwenye lori atasikiliza kwa spika ya simu huku injini inanguruma. Do ya chini kabisa unayoitumia mkono wa kushoto, ile iko kama herzi 65, spika ya simu haiwezi kuitoa, utarekodi vizuri na bado hataisikia. Kwenye rekodi ya besi panda oktevu moja, 130 hivi, hapo angalau kitu kinatoka. Jumapili unarudi chini kama kawaida.

---

Mzee_wa_Solfa

Hilo la oktevu ni zuri sana. Sikulifikiria. Ila waambie besi kwamba umepandisha, wasije wakaimba na wao huko juu wakadhani wamepandishwa cheo.

---

Pambio_Airport

Wakuu kwani simu haifai kabisa kabisa? Mimi sina laptopu.

---

Saundi_Kihesa

Inafaa mkuu, kinachofeli ni lile tundu la hedifoni na maiki ya simu, sio simu yenyewe. Yamaha wana apu yao inaitwa Rec'n'Share, inarekodi sauti ya kinanda kupitia waya na video ya mikono yako kwa kamera kwa pamoja, kwa vinanda vyenye USB audio. Unahitaji kile kiadapta cha OTG, kinachoifanya simu ipokee USB ya kawaida, kati ya simu na waya wa printa. Simu za Android zinatofautiana, nyingine zinakubali nyingine zinakaa kimya, jaribu kwa waya wa kuazima kwanza. Ikikataa basi weka simu mbali kidogo na spika ya kinanda, hatua mbili hivi, sio juu yake, ning'iniza blanketi nyuma yako, na tafuta apu inayokuruhusu kuzima kujirekebisha sauti. Na mvua... ongea na MlimaRungwe.

---

MlimaRungwe

Saa nane kamili. Usichelewe.

---

KinandaUyole

Wakuu, wiki na siku mbili baadaye. Rekodi 25 zimeisha, sio kwa usiku mmoja, kwa usiku sita. Nilifuata ya Saundi_Kihesa, REC kwanza halafu kukamata, na kwa kweli hiyo ndio iliniokoa, kuna wimbo nimeurudia mara kumi na nne na laptopu haikuwa na habari. Piano tupu, do, kodi, hesabu nne. Mwalimu ile metronomi niliiwasha kwenye nyimbo nne, ule wa tano nilijiamini kwa sababu ndio tunaoupiga kila wiki.

Nimewatumia juzi. Teno wa Chunya amesema imefika na imefunguka. Besi mmoja amenipigia yuko njiani kwenye foleni ya mizani anaimba mle ndani ya lori nimsikie, yuko sawa, oktevu yake ya kawaida. Halafu leo asubuhi alto wa Tunduma kaniachia ujumbe wa sauti, ameimba na ile rekodi ya wimbo wa tano mwanzo mpaka mwisho, na mwisho kabisa anahema, anasema, "kaka, beti la pili unakimbilia wapi?"

Nikafungua kwenye Audacity nikapima. Beti la kwanza sekunde 48. La pili 43.

---

Mzee_wa_Solfa

😄 Rekodi upya mwanangu. Huyo alto mtunze.

---

Pambio_Airport

Mkuu samahani, hicho kinanda hukiuzi?